Programu Huria Inapogoma Kukompailiwa: Kutafuta Chanzo cha Kosa kwa Mfano wa FFmpeg

Kazi iliyonifundisha kukompaili programu, yaani kugeuza msimbo chanzo ulioandikwa na watu kuwa programu inayoweza kuendeshwa na kompyuta, ni kazi ya kaseti. Nilikuwa nahamishia kwenye kompyuta simulizi za wazee zilizorekodiwa miaka mingi iliyopita, na kila saa moja ya sauti, ikihifadhiwa kama WAV ya stirio yenye ubora wa CD, ilichukua takriban megabaiti 635. Ndugu aliye mbali hawezi kupokea faili la ukubwa huo kwa simu bila kumaliza bando lake. Sauti hiyohiyo ikibanwa kwa HE-AAC, aina mojawapo ya umbizo la sauti la AAC, kwa kilobiti 32 kwa sekunde hushuka hadi megabaiti 14 na nusu hivi kwa saa, na maneno ya mzungumzaji bado husikika vizuri, pamoja na pumzi anayoivuta kabla ya kuanza kisa kipya.

Programu inayoifanya kazi hiyo ni FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard na ambayo mpaka leo hubeba sehemu kubwa ya kazi za sauti na video katika programu huria. Tatizo ni kwamba sehemu ya FFmpeg yenyewe inayotengeneza AAC haitengenezi HE-AAC. Maktaba (msimbo ulioandaliwa ili utumiwe na programu nyingine) inayoweza kufanya hivyo ni FDK AAC, na kwa kuwa leseni yake haiendani na leseni ya GPL, FFmpeg inayosambazwa na Debian, mfumo endeshi wa Linux, haikuunganishwa nayo. Anayeitaka hana budi kuchukua msimbo chanzo na kuikompaili mwenyewe.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho kwenye kompyuta ya mezani yenye Debian au Ubuntu, lakini nia yake ni kumwonyesha msomaji jinsi ya kutafuta chanzo cha kosa kila linapotokea, kwa sababu makosa nitakayoyataja humkuta pia anayekompaili programu nyingine yoyote iliyoandikwa kwa C au C++. Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: kosa unaloliona mwishoni mwa skrini mara nyingi ni matokeo tu, na chanzo chake kiko juu zaidi au kimeandikwa ndani ya faili ambalo hujalifungua.

Kabla ya yote, uliza kama kuna haja

Andika amri hii uone kama programu uliyonayo tayari ina uwezo unaoutafuta:

`ffmpeg -encoders | grep fdk`

Ikikujibu kwa mstari wenye jina libfdk_aac, kazi yako imekwisha kabla haijaanza. Nashauri hivi kwa moyo wote, kwa sababu kifurushi kilichoandaliwa na watunzaji wa Debian hupata marekebisho ya usalama bila wewe kufanya lolote, ilhali programu uliyoikompaili mwenyewe itabaki kama ilivyo mpaka utakapoikompaili tena.

Hatua ya 1: Kagua kompyuta yenyewe

Makosa mengi yanayoonekana kuwa ya programu ni ya kompyuta, na la kwanza la kukagua ni saa. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua zikiwa zimetumika huja na betri ya saa iliyokwisha, ile bapa kama sarafu yenye alama CR2032 kwenye bodi kuu. Umeme ukikatika, saa hurudi nyuma miaka kadhaa. Hapo apt, programu inayosakinisha vifurushi, hukataa orodha zake kwa kusema kwamba faili la Release "is not valid yet", tovuti salama hugoma kufunguka, na make, programu inayoongoza kazi ya kukompaili, hutoa onyo hili:

`make: warning:  Clock skew detected.  Your build may be incomplete.`

Onyo hili lisipuuzwe. Make hufanya kazi kwa kulinganisha nyakati: faili la msimbo likiwa jipya kuliko faili lililokompailiwa kutokana nalo, hulikompaili tena, na likiwa la zamani, huliacha. Saa ikidanganya, make huacha yanayotakiwa kufanywa au hurudia yasiyotakiwa. Andika `timedatectl` uone tarehe iliyomo, na kama betri imekufa, inunuliwe nyingine kabla ya kuendelea.

La pili ni mahali pa kufanyia kazi. Usikompaili ndani ya flashi. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo ambayo haihifadhi ruhusa za mafaili kwa namna ya Linux wala haikubali viungo vya ishara, na matokeo yake ni `Permission denied` unapoendesha ./configure (skripti ya usanidi tutakayoiona katika Hatua ya 4), au `Operation not permitted` baadaye kazi ikiwa imefika katikati. Nakili kila kitu kwenye folda yako ya nyumbani, na jina la folda lisiwe na nafasi kati ya maneno. Andika "kazi-ffmpeg" badala ya "Kazi ya FFmpeg". Hakikisha kwa `df -h` kwamba una angalau gigabaiti 2 zilizo wazi.

Hatua ya 2: Hakikisha msimbo umefika mzima

Furushi la msimbo chanzo wa FFmpeg ni dogo, takriban megabaiti 10, lakini mtandao unaokatika huweza kukuachia faili nusu lenye jina kamili. Ukilifungua, utaona hivi:

`xz: (stdin): Unexpected end of input`
`tar: Unexpected EOF in archive`

Maana yake ni kwamba faili limeishia njiani, na dawa yake ni kuendelea kupakua kuanzia lilipoishia kwa `wget -c` ikifuatiwa na anwani ileile. Miradi mingi huweka pia alama ya hakiki ya SHA-256 au sahihi ya GPG kando ya furushi, na dakika moja ya kuilinganisha inatosha. Anayetumia git na anataka kulinda bando aongeze `--depth 1` kwenye amri ya `git clone`, ili apate hali ya sasa ya msimbo bila historia yake yote ya miaka.

Msimbo ukiwa umepitia kwenye Windows kabla ya kukufikia, huenda ukaambiwa `bad interpreter` huku jina la /bin/sh likiwa limefuatwa na alama ^M. Hiyo ni miisho ya mistari ya Windows iliyoingizwa ndani ya skripti. Usijaribu kuitibu faili kwa faili. Pakua msimbo upya moja kwa moja kwenye Linux.

Hatua ya 3: Zana na maktaba

Vitu vinavyohitajika kwa kazi yetu, pamoja na x264, maktaba ya kubana video, husakinishwa hivi:

`sudo apt install build-essential nasm pkg-config libx264-dev libfdk-aac-dev`

Ukiambiwa `Unable to locate package libfdk-aac-dev`, tatizo si jina. Kwenye Debian kifurushi hicho kimo katika tawi la non-free, ambalo huwa halijawashwa, na kwenye Ubuntu kimo katika multiverse. Fungua orodha ya vyanzo vya apt, yaani /etc/apt/sources.list au mafaili yaliyo ndani ya /etc/apt/sources.list.d, ongeza tawi hilo, kisha uendeshe `sudo apt update`. Na ukiambiwa kwamba apt haikuweza kupata kufuli la /var/lib/dpkg/lock-frontend, kuna programu nyingine inayosakinisha vitu kwa wakati huo, aghalabu ile ya masasisho ya kujiendesha. Isubiri imalize. Kulifuta faili la kufuli kwa mkono, kama wengi wanavyoshauriana, kunaweza kuvuruga kumbukumbu za vifurushi vyote vya kompyuta.

Inafaa kueleza hapa kiishio "-dev", kwa sababu ndicho kinachowakwamisha wengi. Maktaba moja kwenye Debian hugawanywa katika vifurushi viwili. Cha kwanza kina maktaba yenyewe, nacho kinamtosha mtu anayetumia tu programu zilizokwisha kukompailiwa. Cha pili, chenye -dev mwishoni (kwenye Fedora ni -devel), kina mafaili yenye kiishio cha .h ambayo huieleza kompaila maktaba ina nini, pamoja na faili dogo la .pc linaloeleza maktaba iko wapi. Kwa hiyo mtu anaweza kuapa kwamba maktaba anayo, na akawa anasema kweli, huku kompaila nayo ikisema kweli kwamba haioni.

Ukikutana na kosa la aina ya `fatal error: zlib.h: No such file or directory`, huna haja ya kubahatisha jina la kifurushi. Sakinisha apt-file, iendeshe mara moja `sudo apt-file update`, kisha uliza:

`apt-file search /zlib.h`

Utajibiwa kwa orodha ya vifurushi vyenye faili hilo, na miongoni mwake utaiona zlib1g-dev. Chombo hiki kimeniokolea saa nyingi kuliko kingine chochote katika kazi hii. Ipo pia amri ya `sudo apt build-dep ffmpeg`, inayosakinisha kwa mkupuo kila kitu ambacho Debian hutumia kuikompaili FFmpeg, lakini orodha yake ni ndefu sana na huenda ikavuta mamia ya megabaiti. Apt hukutajia ukubwa kabla ya kuanza. Soma namba hiyo kabla ya kujibu ndiyo.

Hatua ya 4: Usanidi, na faili ambalo watu hawalifungui

Ukiwa ndani ya folda ya msimbo, endesha amri hii katika mstari mmoja:

`./configure --prefix="$HOME/programu/ffmpeg" --enable-gpl --enable-nonfree --enable-libx264 --enable-libfdk-aac`

Chaguo la --prefix linaelekeza programu isakinishwe ndani ya folda yako ya nyumbani badala ya /usr/local. Mimi hupendelea hivyo siku zote, kwa kuwa hakuna haja ya sudo, hakuna linaloweza kuharibika kwenye mfumo, na siku ukiichoka programu unafuta folda moja tu.

Skripti ya configure huipima kompyuta yako kabla ya kompaila kuanza kazi, nayo hutoa makosa yaliyo wazi kabisa kama msomaji atatulia. Ukisahau --enable-gpl utaambiwa `libx264 is gpl and --enable-gpl is not specified`, yaani x264 ina leseni ya GPL na wewe hujaikubali leseni hiyo. Ukisahau --enable-nonfree utaambiwa kwamba libfdk_aac haiendani na GPL. Hapa pana sharti la kisheria la kuzingatia: programu utakayoipata kwa mchanganyiko huu ni ya matumizi yako, na huruhusiwi kuisambaza kwa wengine. Kama nasm, yaani asembla inayotumiwa na FFmpeg, haipo, utasoma hivi:

`nasm/yasm not found or too old. Use --disable-x86asm for a crippled build.`

Usikubali kishawishi cha kuongeza --disable-x86asm ili tu kosa litoweke. Configure yenyewe inakuonya kwamba utapata programu iliyolemazwa, na ukweli ni kwamba kasi ya FFmpeg inategemea sana sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya asembli, kwa hiyo ukizizima, video iliyokuwa ikichakatwa kwa muda mfupi itakuchosha kuisubiri. Sakinisha nasm.

Sasa niseme kuhusu kosa lililonigharimu jioni mbili. Skrini iliniandikia:

`ERROR: x264 not found using pkg-config`

Nilikuwa nimesakinisha libx264-dev. Niliiondoa nikaisakinisha tena, nikaanza hata kukompaili x264 yenyewe kutoka kwenye msimbo wake, na kila mara jibu likawa lilelile. Chini ya kosa hilo configure ilikuwa imetaja faili liitwalo ffbuild/config.log, na kwa jioni mbili nzima sikulifungua, kwa kuwa lilikuwa na maelfu ya mistari. Nilipolifungua hatimaye na kutafuta neno WARNING, nilikuta kwamba pkg-config haikuonekana na kwamba utambuzi wa maktaba huenda ukashindwa. Maktaba ya x264 ilikuwepo. Kilichokosekana ni chombo kinachotumwa kwenda kuitafuta. Kifurushi kimoja kidogo kilimaliza tatizo, na tangu siku hiyo silijibu kosa lolote la configure kabla ya kuendesha amri hizi mbili:

`grep -n WARNING ffbuild/config.log`
`tail -n 40 ffbuild/config.log`

Mwisho wa faili hilo huonyesha jaribio la mwisho lililoshindwa: programu ndogo ya mistari michache ambayo configure iliiandika, amri iliyotumika kuikompaili, na jibu la kompaila. Hapo ndipo kosa halisi lilipo. Katika programu nyingine faili kama hilo huitwa config.log tu na hukaa kwenye folda kuu.

Ikiwa pkg-config ipo na maktaba ipo lakini bado hazikutani, jaribu `pkg-config --modversion x264`. Ikikujibu kwa namba ya toleo, pkg-config inaiona maktaba, nawe rudi kwenye faili la logi utafute sababu nyingine. Isipojibu kwa namba, na maktaba uliikompaili mwenyewe ukaiweka mahali pasipo pa kawaida, ielekeze kwa kutaja folda yenye mafaili ya .pc:

`export PKG_CONFIG_PATH="$HOME/programu/x264/lib/pkgconfig"`

Badilisha jambo moja tu kila unapojaribu tena. Ukibadilisha matatu kwa pamoja na kosa likatoweka, hutajua lipi lilikuwa dawa, na likirudi kwa sura nyingine hutajua lipi lilileta ugonjwa.

Hatua ya 5: Kukompaili

Amri ni `make -j2` kwa kompyuta yenye viini viwili, au idadi utakayopewa na `nproc`. Nashauri kila unachokiona kwenye skrini kihifadhiwe pia ndani ya faili:

`make -j2 2>&1 | tee logi.txt`

Make inapoendesha kazi kadhaa kwa pamoja, kosa la kazi moja huzikwa chini ya maandishi ya kazi nyingine ambazo zilikuwa bado zinamalizia. Mstari wa mwisho, `make: *** ... Error 1`, unasema tu kwamba kuna kilichoshindwa. Tafuta kosa la kwanza kwa `grep -n -i -m1 "error:" logi.txt`, au endesha tena `make -j1` ili isimame palepale inaposhindwa. Kwa FFmpeg unaweza kuongeza `V=1` ili amri kamili ya kompaila ionekane. Na kama mfumo wako umewekwa katika lugha isiyo Kiingereza, tanguliza `LC_ALL=C` kwa ajili ya jaribio hilo, kwa sababu ukilitafuta kosa kwenye mtandao kwa maneno yake ya asili utawakuta wengi waliokwisha kulijibu.

Mfano mzuri wa kosa ambalo si lako kabisa ni huu:

`./libavcodec/x86/mathops.h:125: Error: operand type mismatch for 'shr'`

Mwezi Julai 2023 lilitoka toleo la 2.41 la binutils, mkusanyiko wa zana wenye asembla ambayo gcc huitumia, nalo likawa kali zaidi katika kukagua amri za kichakataji. Mistari ya FFmpeg iliyokuwa ikipita bila swali kwa miaka ikaanza kukataliwa, na watu waliokuwa wakikompaili matoleo ya zamani kwenye mifumo mipya wakadhani kompyuta zao zimeharibika. Msimbo wa FFmpeg ulirekebishwa. Kwa hiyo msimbo wa zamani unapokutana na zana mpya na kosa likatokea ndani ya faili la mradi wenyewe ambalo hukuligusa, jambo la kwanza la kufikiria ni kupakua toleo jipya zaidi la msimbo, si kushusha toleo la zana za mfumo wako.

Kosa la kuunganisha mafaili na maktaba kuwa programu moja huja mwishoni, mafaili yote yakiwa yamekwisha kompailiwa, nalo huvunja moyo kwa sababu hutokea mtu akiwa ameshaanza kushangilia. Sura yake ni `undefined reference to` ikifuatiwa na jina, na katika jina hilo mara nyingine kuna ufunguo. Chukua `undefined reference to 'x264_encoder_open_164'`. Namba 164 ni namba ya toleo ambayo faili la x264.h hulibandikia jina la kazi hiyo (function, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina). Kompaila imesoma x264.h ya toleo la 164, lakini maktaba iliyopatikana wakati wa kuunganisha ni ya toleo jingine. Kuna x264 mbili kwenye kompyuta moja, na hili ndilo jambo ambalo configure haikuligundua, kwa kuwa ilipima jina la kazi nyingine lisilo na namba. Zitafute zote:

`find /usr /opt "$HOME" -name 'libx264*' 2>/dev/null`

Ile uliyoiweka zamani na kuisahau iondoe, kwa `make uninstall` kama folda yake ya msimbo bado unayo, kisha endesha `make distclean` na uanze tena kwenye configure. Amri ya `make clean` haitoshi hapa, kwa sababu hufuta mafaili yaliyokompailiwa lakini huacha usanidi wa zamani.

Ukiona `Killed signal terminated program cc1` au cc1plus, msimbo hauna kosa. RAM imekwisha na kerneli imeiua kompaila ili kuinusuru kompyuta, jambo utakalolithibitisha kwa `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`. FFmpeg imeandikwa kwa C na haina njaa kubwa ya RAM, lakini miradi mikubwa ya C++ huifikia hali hii upesi kwenye kompyuta ya gigabaiti 2 au 4. Punguza kazi za pamoja hadi `-j1`, funga kivinjari, na kama bado haitoshi ongeza faili la swapu, yaani nafasi ya diski inayoisaidia RAM:

`sudo fallocate -l 2G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifute kitu. Washa kompyuta, hakiki saa, kisha endesha make tena. Itaendelea kuanzia ilipoishia. Likitokea kosa la `file not recognized: file truncated`, lipo faili la .o lililokuwa likiandikwa umeme ulipoondoka. Futa mafaili yote yaliyobaki matupu kwa `find . -name '*.o' -size 0 -delete`, na kama kosa limetaja faili fulani kwa jina, lifute hilo pia, kisha endelea.

Limebaki kosa moja ambalo ningependa lijulikane zaidi. Kompaila ikisema `internal compiler error: Segmentation fault`, na kila ukirudia make kosa linahamia faili jingine, usiilaumu programu. Kosa la msimbo hukaa mahali pamoja, ilhali kosa linalotangatanga namna hiyo aghalabu hutoka kwenye RAM mbovu au joto. Kompyuta yangu ya kwanza ya mezani, iliyokuwa imetumika kabla ya kunifikia, ilifanya hivyo kwa wiki nzima. Niliizima, nikachomoa waya wa umeme, nikatoa vijiti viwili vya RAM, na meno yao ya shaba yalikuwa yamefifia kwa utando mweusi. Niliyasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, nikayafuta kwa kitambaa kikavu, nikavirudisha mpaka vishikio vikalia. Kisha niliacha memtest86+, programu ya kupima RAM, ikipima usiku kucha. Kijiti kimoja kilipona, kingine kilionyesha mistari myekundu ya makosa na ikabidi kiondolewe. Tangu hapo gcc haikulalamika tena.

Hatua ya 6: Kusakinisha, na kuhakikisha unaendesha uliyoikompaili

Kwa kuwa tuliweka --prefix nyumbani, `make install` bila sudo inatosha. Aliyeendesha sudo kwa mazoea atajikuta mafaili kadhaa ya folda ya kazi ni ya root, na make itakayofuata itakataa kwa `Permission denied`. Yarudishe kwa `sudo chown -R "$USER": .` ukiwa ndani ya folda hiyo.

Baada ya hapo watu wengi huandika ffmpeg, huona HE-AAC bado haipo, na hudhani kazi yote imeharibika. Mara nyingi wanaendesha ile ya Debian. Uliza:

`type -a ffmpeg`

Ukiona /usr/bin/ffmpeg pekee, ongeza mstari `export PATH="$HOME/programu/ffmpeg/bin:$PATH"` mwishoni mwa faili la .bashrc, kisha fungua terminali mpya. Aliyekompaili kwa --enable-shared anaweza kukutana na kosa la `error while loading shared libraries: libavdevice.so.61`, maana yake programu ipo lakini maktaba zake hazijulikani zilipo. Zikiwa /usr/local/lib, `sudo ldconfig` huliondoa kosa hilo. Zikiwa nyumbani, itabidi kuzitaja katika LD_LIBRARY_PATH. FFmpeg isipoambiwa vingine hukompailiwa bila maktaba za kushirikiana, na kwa matumizi kama haya yetu ni afadhali ibaki hivyo.

Ukilazimika kuomba msaada, usipeleke picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikiwa na mistari mitano ya mwisho. Peleka amri kamili ya configure uliyoitumia, jina na toleo la mfumo endeshi, toleo la msimbo, na mafaili mawili: ffbuild/config.log na logi.txt. Watunzaji wa miradi hii wengi hujitolea, na mtu akipokea vitu hivyo anaweza kukujibu kwa ujumbe mmoja badala ya kukuuliza maswali siku tatu.

Jaribio la mwisho ni kazi yenyewe. Chukua rekodi moja na uiendeshe:

`ffmpeg -i simulizi.wav -c:a libfdk_aac -profile:a aac_he -b:a 32k simulizi.m4a`
`ffprobe simulizi.m4a`

Katika maelezo yatakayotoka tafuta mstari wa Stream. Ukisomeka `Audio: aac (HE-AAC)`, kila kitu kimekaa mahali pake. Sikiliza dakika chache za faili hilo kwa spika ya simu kabla ya kulituma, na folda ya msimbo pamoja na logi.txt viache vilipo mpaka toleo lijalo.